Sura ya Tano: Shaba za Wenye Maduka

Kiangazi cha 1862, abiria wa tramu ya farasi mjini New York alitakiwa nauli ya senti 5, kama siku zote. Noti alikuwa nayo, tena noti halali ya dola. Konda naye hakuwa na kinyongo cha kuipokea. Kilichokosekana ni senti 95 za kumrudishia. Muuza mikate hakuwa nazo, muuza dawa hakuwa nazo, na mwenye baa, ambaye droo yake ilizoea kulia kwa sarafu hadi usiku, aliitazama noti ya mteja kama mtu aliyeletewa deni. Kwa majuma machache tu, chenji ilikuwa imepotea katika jiji kubwa kuliko yote ya Marekani.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji sana kuelezwa hali hiyo. Anayekwenda dukani alfajiri na noti ya shilingi elfu kumi kununua pakiti ya chumvi anajua uso wa mwenye duka unavyobadilika. Anajua pia kurudishiwa peremende mbili au kiberiti mahali pa sarafu. Lakini uhaba wa 1862 haukuwa wa asubuhi moja wala wa mtaa mmoja. Ulienea majimbo ya Kaskazini yote, ukadumu miezi na miezi, na waliouziba kwa kiasi kikubwa hawakuwa watu wa hazina. Walikuwa wauza bia, waoka mikate, wauza nyama na wauza dawa, ambao waliamua kujitengenezea senti za shaba wenyewe. Sura hii ni habari yao.

Kiswahili kina maneno mawili yanayosaidia kuielewa. Fedha, kabla ya kuwa jina la utajiri wowote, ni madini meupe yanayong'aa. Pesa limetoka India, kwenye paisa, kisarafu cha shaba kilichoenea pwani yetu hadi Sultani Barghash wa Zanzibar akaagiza pesa zake mwenyewe za shaba, zenye mwaka wa 1299 wa Hijria, yaani 1882. Siku hizi tunayatumia maneno hayo kama pacha. Katika Marekani ya 1862 yalitengana: fedha ilikimbia, na pesa ikabidi itafutwe.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Aprili 1861, majeshi ya Kusini yalipoishambulia ngome ya Sumter. Serikali ya Abraham Lincoln ilihitaji bunduki, viatu, farasi na mishahara ya askari wengi kupita hesabu iliyozoeleka, na dhahabu ya kulipia yote hayo haikuwepo. Tarehe 30 Desemba 1861 mabenki ya New York yalisitisha kubadilisha noti kwa dhahabu. Februari 1862 Bunge likaidhinisha noti mpya za serikali, ambazo watu walizipa jina kutokana na rangi ya kijani ya mgongo wake. Noti hizo hazikuahidi dhahabu wala fedha. Zilisimama juu ya neno la serikali iliyokuwa vitani, na kila habari mbaya iliyotoka kwenye mapambano ilizipunguzia thamani.

Hapo ndipo hesabu ya kila familia ilipobadilika. Chukua sarafu mbili za nusu dola. Dukani zilihesabiwa dola 1, sawasawa na noti ya dola 1. Kwa dalali, au ng'ambo ya mpaka huko Canada, sarafu zilezile zilikuwa fedha halisi, na zilinunua noti za zaidi ya dola 1. Nani basi angezitoa kununulia nyama? Kufikia Juni na Julai 1862 sarafu za fedha zilikuwa zimeingia kwenye vibubu, chini ya magodoro na kwenye masanduku ya madalali, au zimevuka mpaka kabisa. Canada ilipokea fedha nyingi ya Marekani kiasi kwamba kwa miaka kadhaa wafanyabiashara wake walilalamika kuelemewa nayo, na mwaka 1870 serikali yao ikachukua hatua ya kuiondoa nchini.

Kukimbia kwa fedha ni jambo la kutarajiwa. La ajabu zaidi ni kwamba hata senti zilikimbia.

Senti ya wakati ule ilikuwa ya shaba asilimia 88 na nikeli asilimia 12, nene, ya rangi iliyofifia kuelekea weupe, yenye uzito wa gramu 4.67. Madini yake hayakufika thamani ya senti 1, kwa hiyo hakuna aliyeificha ili aiyeyushe. Kabla ya uhaba watu waliiona kero. Mwaka 1861 ilikuwa imejaa madukani kiasi cha kulalamikiwa. Lakini fedha ilipotoweka, senti ikabaki kuwa sarafu pekee ya chuma mkononi mwa mtu wa kawaida. Mwenye duka aliyezikusanya aliweza kufanya biashara. Jirani yake asiye nazo alifunga droo. Wakaanza kuzifunga kwenye mafungu ya karatasi na mifuko, wakaziuza kwa bei iliyopita thamani iliyoandikwa juu yake. Kiwanda cha serikali cha kufua sarafu, kilichoko Philadelphia, kilijitahidi kwa kweli. Mwaka 1861 kilitoa senti milioni 10.1. Mwaka 1862 kikafikisha milioni 28, na 1863 karibu milioni 50. Zote zilimezwa kama maji kwenye mchanga.

Bunge lilijaribu dawa ya haraka. Tarehe 17 Julai 1862 Lincoln alitia saini sheria iliyoruhusu stempu za posta zitumike kama pesa ndogo. Mtu anaweza kuona wazo lilikotoka: stempu inachapishwa na serikali, ina thamani iliyoandikwa, na barua ya kawaida ilihitaji stempu ya senti 3, hivyo kila nyumba ilizijua. Ila stempu ina gundi. Mchana wa Julai, ndani ya mfuko wa mtu anayetoka jasho, stempu kumi hugeuka donge moja. Makarani walizibandua kwa kucha, zikachanika, na posta nayo ikasita kuzipokea zilizochakaa. Watu wakaanza kuzitia kwenye bahasha ndogo zilizoandikwa jumla ya stempu zilizomo, na anayepokea akabaki na chaguo la kuamini maandishi au kufungua na kuhesabu huku foleni ikinung'unika nyuma yake.

Mtu mmoja aitwaye John Gault alipata njia nzuri zaidi. Agosti 1862 alisajili hataza ya kikopo bapa cha shaba ya manjano, chenye umbo la sarafu, ambacho ndani yake ilikaa stempu moja, na uso wake ukafunikwa kwa kipande chembamba cha ulanga, yale madini yanayopitisha mwanga ambayo watu wa milima ya Uluguru wanayafahamu. Stempu ilionekana bila kuguswa. Mgongo wa shaba aliuza kwa matangazo, na kampuni za dawa za chupa zilikimbilia nafasi hiyo. Kilikuwa kifaa kizuri sana, lakini mnunuzi alilipa thamani ya stempu pamoja na gharama ya kikopo, na kwa mtu anayetafuta senti 1 ya kurudisha, hiyo ilikuwa anasa.

Serikali yenyewe ilianza Agosti hiyohiyo kutoa vinoti vidogo vya senti 5, 10, 25 na 50, vyenye picha za stempu. Miji, hoteli, maduka na hata vinyozi wakachapisha vikaratasi vyao vya ahadi, na vingi vilichakaa kabla ya kurudi kwa aliyevitoa. Yote hayo yalisaidia kuanzia senti 5 kwenda juu. Chini ya hapo, kwenye senti 1, 2, 3 na 4, ambako ndiko maskini hufanyia manunuzi yake, palibaki wazi.

Pengo hilo lilizibwa kwa shaba.

Mwishoni mwa 1862, katika mji wa Cincinnati jimboni Ohio, vilianza kuonekana visarafu vya shaba vilivyobeba majina ya maduka. Mwaka 1863 vilifurika New York, kisha vikasambaa Michigan, Indiana, Illinois, Wisconsin na Pennsylvania. Leo neno tokeni kwetu ni tarakimu zinazoingizwa kwenye mita ya umeme. Maana yake ya msingi ndiyo ileile: kitu kinachosimama badala ya malipo, chenye nguvu pale tu anayekitambua anapokitambua. Tokeni ya 1863 ilikuwa kiduara cha shaba chenye upana wa milimita 19, sawa na senti ya serikali, ila chembamba na chepesi zaidi. Upande mmoja ulikuwa na picha: kichwa cha Mhindi Mwekundu mwenye taji la manyoya kama kwenye senti halisi, au tai, au bendera, au uso wa George Washington. Upande wa pili ulikuwa na jina la mwenye duka, kazi yake, mtaa na namba ya mlango.

Inafaa kusimama kidogo kwenye karakana ya mchonga chapa, kwa kuwa bila huyo hakuna kilichowezekana. Mtu kama Emil Sigel wa New York, au John Stanton na William Lanphear wa Cincinnati, alianza na kipande cha chuma cha pua kilicholainishwa kwa moto. Juu yake alichonga picha na kupigilia herufi moja moja kwa nyundo na vidude vyenye ncha ya herufi. Kila kitu alikiandika kinyumenyume, kuanzia kulia, ili kikitokea kwenye shaba kisomeke sawa. Chuma kikapashwa moto tena na kugumishwa. Kisha karatasi ya shaba ikakatwa viduara, kila kiduara kikawekwa katikati ya chapa mbili, na mtambo ukashuka.

Kuchonga chapa kulikuwa kazi ghali. Kugonga vipande elfu kwa chapa iliyokwisha kuwepo kulikuwa rahisi. Kwa hiyo mchonga chapa aliweka rafuni chapa za picha zilizo tayari. Muuza nyama alipokuja, alichongewa upande wa jina lake tu. Upande wa pili akachagua tai au Washington, chapa ileile iliyokwisha kumtumikia mwoka mikate na daktari wa meno. Ndiyo sababu wakusanyaji wa leo, wakifuata orodha iliyotungwa na George na Melvin Fuld, wanahesabu aina zaidi ya 10,000 za tokeni hizi. Jumla ya vipande vilivyogongwa hukadiriwa kuwa walau milioni 25.

Kosa la nyundo halifutiki kirahisi kwenye chuma. Tokeni moja mashuhuri ilibeba amri ya John Dix, waziri wa hazina aliyepiga simu ya maandishi Januari 1861, kabla hata ya vita kuanza, akiagiza kwamba yeyote atakayejaribu kuishusha bendera ya Marekani apigwe risasi papo hapo. Watu wa Kaskazini waliipenda amri hiyo, na wachonga chapa wakaizungusha pembeni ya bendera kwenye toleo baada ya toleo. Katika mojawapo, neno la Kiingereza la mwisho, SPOT, lilipata O mbili. Mchongaji alikuwa akifuata herufi kinyumenyume kwenye chuma kisichozidi upana wa kucha ya kidole gumba. Chapa haikutupwa. Shaba zikatoka na SPOOT, zikaingia sokoni, zikanunua vitu kama nyingine zote.

Si tokeni zote zilikuwa na jina la duka. Nyingi, zinazoitwa za kizalendo, zilibeba kaulimbiu za Muungano wa Marekani, za jeshi na za bendera, na mwenye duka yeyote aliweza kuzinunua kwa wingi. Humo mna maneno ya kijanja ya kisheria: juu ya maneno makubwa ONE CENT, yaani senti moja, mchongaji aliweka neno NOT, yaani siyo, kwa herufi ndogo mno. Kwa macho ya haraka ilikuwa senti. Mbele ya hakimu, haikuwa senti. Mna pia uchungu wa wazi. Tokeni moja ya 1863 ilisema kwamba mamilioni yapo kwa ajili ya wakandarasi lakini hakuna hata senti moja kwa ajili ya wajane. Ni nadra pesa kumsema aliyeko madarakani kwa ukali namna hiyo, na hiyo ilipita mkono kwa mkono kwenye kaunta mchana kweupe.

Mwenye duka alipata nini? Kwanza alipata chenji, na kwa muuza rejareja chenji ni sawa na mlango kuwa wazi. Pili alipata tangazo lililokaa mfukoni mwa mteja na la jirani wa mteja. Tatu, kila tokeni ilimgharimu pungufu ya senti 1, naye aliitoa kwa senti 1. Tofauti hiyo ndogo, ikizidishwa kwa maelfu, ilikuwa faida halisi. Na tokeni iliyopotea njiani, iliyodumbukia kwenye ufa wa sakafu au kuondoka na msafiri, ilikuwa deni ambalo halingerudi kudaiwa.

Hapo pa mwisho ndipo panapostahili kutazamwa kwa makini, maana tokeni ni ahadi, na ahadi ina mwenyewe. Oliver Boutwell, mwenye kinu cha unga katika mji wa Troy, aliandika kwenye shaba zake kwamba zinakombolewa ofisini kwake. Mtu aliyezikusanya alijua aende wapi na amdai nani. Hiyo ni biashara ya haki: jirani anamkopesha jirani, na mlango wa kurudi uko wazi.

Gustavus Lindenmueller alikwenda njia nyingine. Alikuwa na baa mjini New York, na mwaka 1863 aliingiza mtaani tokeni zenye jina lake zaidi ya milioni 1. Hata mtaa uliojaa wanywaji hauwezi kumaliza milioni 1 za senti kwenye kaunta moja, kwa hiyo zilitapakaa jijini. Kampuni ya reli ya Third Avenue, iliyoendesha tramu za farasi na kupokea nauli za senti 5 kutoka kwa maelfu ya watu, ilizipokea kwa sababu abiria hawakuwa na kingine. Zilipojaa, inasimuliwa kwamba kampuni ilimwendea Lindenmueller azikomboe. Alicheka, akakataa. Kampuni haikuwa na njia ya kisheria ya kumlazimisha, kwa kuwa hapakuwa na ahadi iliyoandikwa, wala sheria iliyomtambua kuwa mtoa pesa.

Kampuni ya reli ilimudu hasara hiyo. Mfuaji nguo aliyelipwa tokeni ishirini, kisha akaambiwa na muuza mboga kwamba za Lindenmueller hazipokelewi tena, hakuwa na mahali pa kuipeleka hasara yake. Katika habari zote za tokeni hizi, zinazosimuliwa mara nyingi kwa kusifia ujasiri wa wafanyabiashara, mtu huyo husahaulika upesi.

Askari walikuwa na tokeni za aina yao. Kila kikosi kilifuatana na mchuuzi mwenye kibali, aliyeuza tumbaku, biskuti, karatasi za barua na vitamutamu kwa watu waliokaa mbali na soko lolote. Askari wa kawaida alilipwa dola 13 kwa mwezi, na mshahara ulichelewa. Mchuuzi akampa tokeni kwa mkopo, zenye jina la mchuuzi, namba ya kikosi na maneno kwamba ni nzuri kwa senti 5, 10 au 25 za bidhaa. Neno bidhaa ndilo lililobeba kila kitu. Tokeni hiyo haikugeuka dola, haikutumwa nyumbani kwa mke, haikununua kitu kwa mchuuzi wa kikosi jirani mwenye bei nafuu. Sheria ya Machi 1862 iliweka mpaka ili mchuuzi asichukue zaidi ya sehemu moja ya sita ya mshahara wa askari, na kuwekwa kwa mpaka huo kunaonyesha hali ilikuwa imefikia wapi.

Upande wa Kusini, tokeni za shaba karibu hazikuwepo. Huko shaba ilikwenda kwenye mizinga, na uhaba wa chenji ulizibwa kwa karatasi juu ya karatasi.

Nusu karne baadaye, vita vilizaa uhaba wa aina hiyo karibu na nyumbani kwetu. Mwaka 1916, meli za Waingereza zikiwa zimeifungia njia ya bahari koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Wajerumani waligeuza karakana ya reli mjini Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Zikatoka heller 5 na heller 20, za shaba na shaba ya manjano, zenye taji na herufi T ya Tabora, pamoja na rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke zenye picha ya tembo. Zimegongwa kwa haraka na nyingi zina kingo zisizo sawa. Tofauti yake na za Cincinnati ni moja na ni kubwa: Tabora ilikuwa serikali ikijitengenezea pesa yake, na Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji. Ohio na New York waliojitengenezea walikuwa raia.

Serikali ya Lincoln iliziona tokeni za raia hao na haikuwa kipofu kwa somo lake. Sheria ya Julai 1862, ileile ya stempu, tayari ilikataza watu binafsi kutoa noti au tokeni za chini ya dola 1, kwa adhabu ya faini hadi dola 500 au kifungo hadi miezi sita. Haikumzuia mtu. Kumfunga mwoka mikate kwa sababu amerudisha chenji, wakati hazina yenyewe haina chenji ya kumpa, ni jambo ambalo waendesha mashtaka wachache wangelipenda.

Aliyeielewa shaba hiyo vizuri zaidi alikuwa James Pollock, mkurugenzi wa kiwanda cha sarafu na gavana wa zamani wa Pennsylvania. Senti yake ilikuwa ikimsumbua. Nikeli ni ngumu, ilichakaza na kupasua chapa, ilipanda bei na haikupatikana kwa urahisi. Na huku nje, alikuta umma ukipokea bila manung'uniko mamilioni ya viduara vyembamba vya shaba visivyo na nikeli hata chembe, vyenye madini ya thamani ndogo kabisa, vilivyotolewa na wauza bia. Hoja yake ikawa rahisi. Ikiwa watu wanaikubali shaba nyembamba ya muuza bia, wataikubali ya serikali kwa moyo mweupe zaidi.

Upinzani ulitoka mahali pa kutarajiwa. Joseph Wharton alikuwa na mgodi wa nikeli katika kaunti ya Lancaster, Pennsylvania, na senti bila nikeli ilimaanisha kumpoteza mnunuzi mkubwa. Mbunge wa Lancaster, Thaddeus Stevens, mmoja wa wenye nguvu kuliko wote bungeni, alisimama kumtetea. Stevens huyu ndiye aliyepigania kwa dhati kukomeshwa kwa utumwa, na heshima yake haipungui kwa jambo hili. Katika suala la senti alikuwa akitetea mgodi wa jimboni kwake, na alishindwa.

Sheria ilipita tarehe 22 Aprili 1864. Senti mpya ikawa ya shaba asilimia 95, iliyobaki bati na zinki, yenye uzito wa gramu 3.11, upana uleule wa milimita 19. Ukiiweka senti ya 1864 karibu na tokeni ya 1863 kwenye kiganja, bila kusoma maandishi, unaweza kuzichanganya: rangi moja, upana mmoja, wembamba mmoja. Serikali ilikuwa imeiga pesa ya wenye maduka. Pamoja nayo ilizaliwa sarafu ya senti 2, ya kwanza kubeba maneno ya kumtegemea Mungu ambayo hadi leo yapo kwenye pesa za Marekani. Sheria pia iliipa senti nguvu ya kulipia deni kisheria hadi kiasi cha senti 10, jambo ambalo senti ya zamani haikuwa nalo. Na ilikataza senti za binafsi. Tarehe 8 Juni 1864 sheria ya pili ikafunga mlango kabisa: yeyote atakayefua sarafu ya chuma chochote ili itumike kama pesa, hata kama picha yake ni ya kubuni na haifanani na ya serikali, faini hadi dola 3,000 au kifungo hadi miaka mitano.

Sheria peke yake ilikwisha kushindwa mwaka 1862. Safari hii iliambatana na shaba. Kabla ya mwaka 1864 kwisha, Philadelphia ilikuwa imetoa senti mpya zaidi ya milioni 39, mbali na milioni 13 za aina ya zamani zilizogongwa mwanzoni mwa mwaka. Chenji ikarudi kwenye droo. Mchonga chapa akarudi kwenye mihuri na vibao vya majina. Mchanganyiko wa shaba asilimia 95 uliingia kwenye maisha ya Wamarekani na kukaa hadi 1982, ukikatizwa mwaka 1943, wakati vita vingine vilipoitaka shaba na senti zikatengenezwa kwa chuma.

Wafanyabiashara waaminifu waliendelea kuzikomboa shaba zao kwa wale waliozirudisha. Wengine walikuwa wamehama, wamefilisika, au walijibu kama Lindenmueller. Wenye maduka wanastahili sifa kwa kuuweka mkate mezani pale ambapo hazina ilikuwa imeshindwa kutoa kitu kidogo kama senti 1, na sifa hiyo wamepewa na vitabu vingi. Waliozipokea shaba hizo kwa imani, wakabaki nazo, hawakupewa chochote. Sheria mbili za 1864 ziliorodhesha faini na vifungo kwa atakayetoa senti ya binafsi. Hazikuwa na kifungu cha kumlipa aliyekwisha kuipokea.